Milimita Mbili na Nusu

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu,

Jumamosi iliyopita, saa tano na robo asubuhi, nilipoteza nafasi yangu kwenye timu. Niliipoteza kwa pointi tatu. Aliyechukuliwa wa mwisho alikuwa na 671, mimi nilikuwa na 668, na mtu akiniambia pointi tatu si kitu nitamwomba anigawie za kwake.

Sikupigii simu kwa sababu ukishaniita "dada" mara mbili kwa ile sauti yako hasira inanitoka, na mimi bado nina kazi nayo. Kwa hiyo kaa usome.

Duru saba za mwanzo nilikuwa wa tatu kati ya watu kumi na tisa. Mishale sita kila duru, mita hamsini, hakuna upepo, bendera imelala kwenye mlingoti wake. Duru ya nane mishale mitatu ikaingia kwenye njano ya katikati kama ilivyozoea. Mitatu ikaenda kulia: saba, saba, sita. Nikaitazama kwa darubini nikaona imechoma ubao imepinda, mikia yote imeelekea kulia, kama watu waliogeuka kumwangalia aliyeingia amechelewa. Duru ya tisa hivyo hivyo, nusu kwa nusu. Duru ya kumi nikanyoosha mkono, nikamwita mwamuzi, nikamwambia upinde wangu umeharibika.

Akaja. Akaukagua mbele ya mstari mzima, kapi ya juu, kapi ya chini, vile vigurudumu vyote viwili, kamba, mpini, kila kitu, watu wameshusha pinde zao wananingoja mimi. Kisha akanirudishia. "Mama, upinde wako ni mzima kabisa. Endelea." Nina miaka arobaini na nne, nina karakana yangu ya milango na madirisha, nina watu sita wanaoniita bosi. Masikio yaliniwaka mpaka nikaona aibu hata kuyagusa.

Nikasema na maneno mengine pale, ambayo hayana haja hapa.

Upinde huo ulitoka mikononi mwako. Wewe ndiye uliyeufunga, wewe ndiye uliyeupima, wewe ndiye uliyeniambia, "Huu sasa unaruka, dada." Sitaki pole. Nataka kujua ulikaza nini, ulilegeza nini, na kwa milimita ngapi. Kuna mchujo wa pili tarehe 30, na nafasi iliyobaki ni moja.

Shemeji yako anasema nisikuandikie nikiwa nimekasirika. Nimemwambia nikisubiri nipoe nitaandika uongo.

Dada yako


Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo dada,

Barua imefika. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umesema hutaki pole, lakini mkono umeshaandika: pole sana. Sifuti.

Kabla sijasema lolote naomba unifanyie jambo moja, na wewe ndiye mtu mwenye vifaa vyake kuliko sisi wote. Chukua fremu ya dirisha isiyo na kioo, uiwambe karatasi ile kubwa ya kufungia mizigo, ikaze vizuri isilegee katikati. Simama mita mbili kutoka kwenye fremu, na ubao wa shabaha uwe mita mbili nyingine nyuma yake. Piga mshale mmoja kwa kila karatasi, na kila karatasi iandike namba.

Mshale ulionyooka unaacha tundu moja dogo lenye mikato mitatu ya manyoya, basi. Mshale unaoruka umepinda, ncha inapita pake na mkia unapita pake, na karatasi inachanika katikati. Huo mchaniko ndio ninaoutaka. Pima urefu wake, andika mkia ulikwenda upande gani, kisha unitumie karatasi zenyewe. Si picha. Picha ya simu inategemea aliyeipiga alisimama wapi.

Ombi la pili: usikiguse kile kiegemeo kinachobeba mshale. Najua mkono wako hauwezi kuona skrubu ukaiacha kama ilivyo. Tafadhali, dada.

Siku ile ulipokuja hapa tuliufunga pamoja, mwishoni ukapiga karatasi kumi na mbili na zote zikatoka safi. Ninazo bado. Sisemi hivyo kukujibu, nasema tu kwamba ninazo.

Mama hajambo. Ameuliza mchujo uliendaje, nimemwambia bado hesabu zinapigwa. Huku kazi si nyingi, ni msimu tu.

Mdogo wako


Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu,

Karatasi nane hizo hapo kwenye bahasha ya kaki, nimezikunja mara mbili tu ili mikunjo isikuchanganye.

Nilifanya kazi hii baada ya wafanyakazi kuondoka, si kwamba naona haya mbele yao, ila sikutaka maswali. Niliweka fremu ya dirisha la jikoni la mteja mmoja juu ya meza ya kukatia, nyuma yake ubao. Shemeji yako alikuja kunifuata twende nyumbani, akasimama mlangoni. "Mke wangu," akasema, "nilijua wateja wanakusumbua, sikujua tumefika huku kwa kuyapiga madirisha yao mishale." Nikamwambia akae kimya au asimame mbele ya fremu, achague. Akachagua kiti.

Matokeo: namba moja hadi tano, mkia kulia. Milimita 31, 28, 33, 30, 30. Namba sita, saba na nane, tundu safi. Safi kama zile unazosema unazo. Nikakaa pale na karatasi nane mapajani nisione mantiki yoyote. Kitu kikiharibika kinakaa kimeharibika. Hakiharibiki asubuhi kikapona jioni.

Sasa sikiliza. Sikukigusa kiegemeo chako. Ila hukuniambia nisikipime. Nimechukua kalipa, nikapima kutoka kwenye ubavu wa mpini hadi katikati ya mshale. Milimita 18. Nikapima tena nikiwa nimeshusha pumzi: 18. Nikafungua kile kitabu kidogo kilichokuja na upinde, kinasema 20.5. Milimita mbili na nusu, mdogo wangu. Mimi nikikosea milimita mbili dirisha halifungi, mvua inaingia, na mteja ananipigia simu mbele ya wageni wake. Ni mimi niliyekufundisha kushika kalipa. Nilikurudisha nyumbani siku nzima kwa kosa la milimita moja na nusu kwenye mlango wa choo, mlango wa choo, na ukaenda bila kununa.

Kwa hiyo nakuuliza kama fundi, si kama ndugu. Ulikuwa na haraka? Kulikuwa na mteja mwingine anayekungoja mlangoni? Au ni kwamba kazi ya dada inaweza kwenda ilivyokwenda, kwa sababu dada hatakwenda kwingine?

Nimeandika hayo na sijayafuta.

Dada yako


Jumatatu, 18 Machi

Shikamoo dada,

Kuhusu hiyo 18 sina utetezi. Wakikuuliza, sema ni kosa la fundi. Uulete upinde au umpe dereva wa basi auweke kwenye buti umelala, nami nitaurudisha kwenye kipimo cha kitabuni siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo nimeliona kwenye karatasi zako na nimelizungusha kichwani siku mbili. Hizi karatasi zimepigwa na watu wawili. Namba moja hadi tano ni mtu mmoja, namba sita hadi nane ni mwingine. Upinde hauwezi kubadilika wenyewe kati ya karatasi ya tano na ya sita. Dada, ni nani mwingine anayeushika upinde wako? Kama ni shemeji sina neno, upinde ni wenu, ila mwambie asiuguse kwa sasa, maana yeye anashika vizuri na hilo ndilo linaloharibu hesabu.

Na ule uwanja. Nimesikia ulichosema pale. Nimehadithiwa na watu watatu na wote watatu wanakubaliana maneno, kwa hiyo nadhani ndiyo yenyewe: "Hii ndiyo faida ya kumpa ndugu kazi ya fundi." Wawili kati yao walikuja kuchukua pinde zao zilizokuwa kwangu. Hawakugombana na mimi. Walisema tu wana haraka, na mmoja akanishika bega kama mtu aliyefiwa. Niliposema ni msimu nilikuwa nakuficha hilo.

Sikulaumu. Na mimi nisingeweza kusema vingine mbele ya watu wote wale.

Mdogo wako


Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye gari, nje ya nyumba ya mteja, na nikashindwa kuteremka. Akatoka mwenyewe kunigongea kioo. Nikamwambia natafuta tepu, na tepu ilikuwa shingoni mwangu.

Nitaanza na lililo gumu. Hakuna mtu mwingine anayeushika upinde wangu. Shemeji yako hawezi kuuvuta hata nusu, anasema mabega yake ni ya kubebea watoto. Watu wawili uliowaona kwenye karatasi ni mimi na mimi.

Mwishoni mwa Januari mwenzangu wa mstari wa pili aliniuliza kama mkono wa kushoto unaniuma. Nikamwambia hauniumi. Akasema, "Ah. Ni vile unavyoukaba huo mpini, nikadhani labda una kidonda." Alisema kwa wema kabisa, na ndiyo maana iliniingia. Nikaenda kwa kocha mmoja mstaafu anayefundisha upande wa pili wa mji, mama mmoja tunamwita Bi Rula kwa sababu hatembei bila rula ya chuma kwenye mkoba. Alinitazama mara moja tu. Akaniambia miaka yote hii nimekuwa nikiusokota upinde kwa kiganja ninapoachia, kama mtu anayefunga bomba. Akaniweka mita tatu kutoka kwenye ubao mtupu, macho nimefumba, wiki tatu, nijifunze kuuegemeza upinde kwenye mfupa wa chini ya kidole gumba na vidole vingine vilegee. Kwenye mchujo nilikwenda na mkono huo mpya. Nikikumbuka, mkono mpya. Nikiogopa, ule wa zamani unarudi wenyewe, kama duru saba za mwanzo; kuanzia ya nane nikatulia, nikaanza kukumbuka. Nusu kwa nusu.

Sikukuambia. Na usidhani nilikuficha kwa ujanja. Nilijua ulisimama nyuma yangu siku nzima pale kwako na hukusema lolote kuhusu mkono wangu, nikaamini hukuuona. Nikaona aibu kwa niaba yako. Fundi anayejulikana, hajauona mkono wa dada yake. Nikasema nikimwambia nimekwenda kwa mwingine nitamvunja moyo, basi acha nijirekebishe kimya kimya na yeye asijue kamwe kwamba alipitwa.

Sasa jana nimempelekea Bi Rula upinde na karatasi na ile 18. Ameupima mpaka kamba. Kamba ya kapi ya juu, ile inayogawanyika mikia miwili, mkia wa kushoto una mizunguko mitano zaidi ya wa kulia. Akauweka upinde mezani.

"Nani alifunga hii?"

"Mdogo wangu."

"Anakuchukia?"

"Hapana."

"Basi anakuogopa."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mtu asiyejua kazi anakosea huku na huku, lakini huyu amekosea upande mmoja tu, kila mahali, na kwa kipimo. Kiegemeo kimesogezwa. Kamba imesokotwa. "Huyu aliuona mkono wako mbovu," akasema, "akaupinda upinde wote uufuate. Kazi safi sana. Sijawahi kuona mtu akijisumbua hivi ili asiseme sentensi moja." Halafu akacheka, mimi sikucheka, akaacha.

Kwa hiyo mkono ukiwa mbovu, mshale unanyooka. Mkono ukinyooka, mshale unapinda. Ndiyo maana karatasi zangu za mwisho zilikuwa safi: nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nikaukaba kama zamani.

Niambie kama Bi Rula amekosea. Kama hajakosea, niambie kwa nini.

Dada yako


Jumapili, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Hajakosea.

Nimeandika barua hii mara tatu na kila mara nilikuwa naanza na maelezo ya kitaalamu. Sasa naanza na lile lenyewe. Siku ile ulipopiga karatasi ya kwanza hapa kwangu ilichanika mkia kushoto, karibu milimita arobaini. Nilisimama nyuma yako nikakuangalia mkono. Ulikuwa umeushika upinde kama unavyolishika grainda, kwa kiganja chote, vidole vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Niliona mara moja. Mtu yeyote wa kazi hii angeona. Kwa mteja mwingine ningesema, "Mama, legeza mkono," na mambo yangekuwa yameisha kabla ya chai.

Nilifungua mdomo. Ukageuka ukaniuliza, "Nini?" Nikasema, "Hakuna, ngoja nisogeze kidogo hiki."

Dada, kwetu hakuna aliyewahi kukusahihisha. Mama akitaka kukuambia chumvi imezidi ananituma mimi, na mimi nakula nanyamaza. Kila ninachokijua kwa mikono hii kilipitia kwako kwanza. Mimi ni mtu wa kuambiwa "rudia", na wewe ni mtu wa kuniambia. Sikujua upande wa pili unasimamwa vipi.

Kwa hiyo nikasogeza. Nusu milimita, ukapiga, mchaniko ukapungua. Nusu nyingine, ukapungua tena. Nikakubania upinde kwenye jeki ya kulegezea kamba, nikaisokota kamba, nikakupa. Ilipofika 18 tundu likatoka duara. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa naufundisha upinde mzima kosa lako ili nisikutajie.

Na kuna baya zaidi. Uliposhika ile karatasi safi ulicheka, ukawageukia wateja wawili waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi ukawaambia, "Huyu nimemlea mimi." Sijawahi kukusikia ukisema hivyo mbele ya watu. Nikaona nikisema ukweli sasa nitakunyang'anya wewe fahari hiyo, nitajinyang'anya na mimi. Nikanyamaza. Nikakuombea usikutane na mtu wa kukurekebisha mkono. Fundi gani anamwombea mpigaji wake hivyo. Nimekuwa nikijiuliza swali hilo kila nikifungua karakana, na hao waliochukua pinde zao, walikuwa na haki ya kuzichukua hata kama sababu waliyosikia siyo yenyewe.

Ulipoandika kwamba unadhani nilifanya kazi yako kwa haraka, nilitamani iwe kweli. Haraka ingekuwa aibu ndogo.

Usiutume upinde. Bi Rula ana jeki klabuni kwake, akutolee ile mizunguko mitano, arudishe kiegemeo kwenye 20.5, kisha upige karatasi kwa mkono mpya na msogeze robo robo milimita mpaka tundu lisafike. Ila ukitaka mkono wa zamani kwa ajili ya tarehe 30, usiguse kitu. Upinde ulivyo sasa utakufuata.

Mdogo wako


Jumanne, 26 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii inaondoka na basi la kwanza la asubuhi, kesho jioni utakuwa nayo.

Jumapili, kabla barua yako haijanifikia, nilikwenda uwanjani wakati wa mazoezi, wapigaji wote wakiwa pale, hata yule mwamuzi. Nilitaka kusubiri wamalize, nikaona nikisubiri nitaondoka. Nikasimama nyuma ya mstari nikawaambia kwamba siku ile nilisema maneno juu ya fundi na maneno yale hayakuwa ya kweli, kwamba upinde wangu ulifungwa kwa umakini kuliko pinde zote zilizokuwa pale, na kosa lilikuwa mkononi mwangu. Nikauonyesha mkono, sijui kwa nini. Nikabaki nimeuinua kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Mwamuzi akasema, "Mama, mbona tulishasahau." Hawakuwa wamesahau, walikuwa wanaangalia viatu vyao. Kati ya wale wawili waliochukua pinde zao kwako, yule mrefu ameniambia atakurudishia upinde wake. Yule wa pili alijifanya anapanga mishale mpaka nikaondoka. Sikuwaambia kwamba uliniona ukanyamaza. Hilo ni letu.

Sasa kuhusu letu. Nimeisoma barua yako na nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa, kwa sababu kila nikifika pale uliposema ulifungua mdomo, nakiona kichwa changu kinavyogeuka. Najua hiyo "Nini?" ilisemwaje. Nimeisema hivyo kwa watu wengi. Nimemuuliza shemeji yako kama kuna mambo na yeye huwa ananisogezea nusu milimita badala ya kuniambia. Akaniuliza ninataka orodha au ninataka kulala. Nimemwambia nitaitaka orodha baada ya tarehe 30.

Na kuhusu chumvi, mwambie mama aniambie mwenyewe. Nikinuna, nitanuna nikiwa nyumbani kwangu.

Tumeurudisha upinde jana, barua yako ilipofika tu. Bi Rula alibania, mimi nikatoa mizunguko. Tulianza 20.5, tukaishia 20.25, na kwa mkono mpya karatasi zinatoka tundu moja na mikato mitatu. Nimeweka mbili humu uzione. Kisha nimepiga mashindano kamili peke yangu, mishale 72, mara mbili leo, asubuhi na alasiri. Nimepata 657, halafu 662. Kwa mkono wa zamani na upinde wako wa zamani nilikuwa napata 675 mazoezini, na 680 mara moja. Kwa nafasi moja iliyobaki naamini itatakiwa 670 au zaidi. Hesabu ninaiona kama unavyoiona. Nikirudisha 18 na kuukaba mpini, huenda nikaingia kwenye timu nikiwa na kosa langu limefichwa ndani ya upinde, na nitakaa nalo maisha. Hilo silitaki, nimeshaamua, usilijadili.

Lililobaki silijui, na hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza. Bi Rula anasema niende "kwa uzoefu", na mtu akikuambia uende kwa uzoefu amekwisha kukuonea huruma. Shemeji yako anasema niende kwa sababu ananipenda. Wewe umeuona mkono wangu wa zamani, na mpya unauona kwenye karatasi hizo mbili, na una namba zangu. Uwezekano wa mkono huu kufika 670 kwa siku nne upo au haupo? Sijakuuliza kama dada. Nimekuja dukani kwako, hunijui, jina langu hulijui, nimeuweka upinde kwenye kaunta na nimekuuliza nijiandikishe kwa Jumamosi au nirudi nyumbani nikajifunze mwaka mzima.

Ukisema nijiandikishe ili tu usiniumize, nitajua, na hapo ndipo nitakapoumia. Ukisema nisijiandikishe nitanuna wiki nzima na hutanisikia, halafu nitakuja kwako kufunga kamba mpya kama mteja yeyote.

Usajili unafungwa keshokutwa, Alhamisi, saa sita mchana. Nitumie ujumbe wa neno moja, usiweke shikamoo, usiweke pole. Andika "jiandikishe" au andika "usijiandikishe". Nitakuwa nimesimama kwenye dirisha la usajili kuanzia saa tano na nusu, na nataka neno hilo kabla ya saa sita kamili.

Dada yako